Mkwe Mwenzangu na Mboga za Mwaka wa Nyuma

Nianze na mikono yake, kwa sababu ni sehemu pekee ya mwili wake ambayo haikunitia kichefuchefu. Ilikuwa mikono safi. Kucha fupi, ngozi kavu, hakuna ufa wenye uchafu ndani. Mkwe mwenzangu alikuwa anachukua jani moja la kunde kutoka kichanjani, analisogeza sikioni, analibana kwa vidole viwili, anasikiliza. Likilia kama karatasi, limekauka. Likinyamaza, linarudi kichanjani. Sijaona mwanamke mwingine anayekausha mboga kwa sikio, na nimeona wengi.

Yeye ni mama wa mume wa binti yangu Paskalina. Mimi nakaa Tlawi, huku juu kwenye baridi. Yeye yuko Masakta, upande wa Hanang, kwenye mashamba ya mahindi na alizeti. Kwa miaka mingi nimepanda basi kwenda kwake, mara mbili kwa mwaka, mara nyingine tatu. Sikuwa nakwenda kumwona yeye. Nilikwenda kumwona mwanangu na wajukuu wangu. Lakini ukienda kwenye boma la watu unapokewa na mwenye boma, na unakula anachokupa.

Nimpe haki yake kwanza. Kukausha alijua. Mboga alichuma asubuhi umande ukishatoka, siyo mchana zikiwa zimelegea. Aliziosha maji matatu. Alizichovya kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, akihesabu kwa midomo, halafu anazitoa haraka anazimwagia maji baridi. Kichanja chake kilikuwa chini ya paa la nyasi, pembeni wazi upepo upite, na juu ya mboga alitandika chandarua cha zamani nzi wasitue. Hakuanika juani kama sisi wengine.

"Jua ni mwizi," alikuwa anasema. "Unaliachia maji, linachukua na rangi."

Kwa hiyo mnavu wake ulikauka ukiwa wa kijani, majani ya maboga ya kijani, nyanya nyekundu kama zimekatwa jana. Wanawake wa vikundi walikuja kwake kujifunza, hata wa kutoka Haydom. Walikaa chini kwenye mkeka, watu wazima, akawafundisha kukata papai vipande vya unene mmoja, na aliyekata vibaya alimnyang'anya kisu mbele ya wenzake. Wakiondoka walisema, huyu mama ni mtaalamu. Nami niliwasikia. Walikuwa wameonyeshwa kichanja. Hawakuonyeshwa stoo.

Stoo ilikuwa chumba cha nyuma, sakafu ya udongo, dirisha lililozibwa kwa tofali. Bati lilikuwa na tundu, na chini ya lile tundu paliwekwa ndoo, na ndoo ikijaa inamwagika. Mifuko ya salfeti ilipangwa pale pale chini, mmoja juu ya mwingine mpaka karibu na paa. Ukifungua mlango harufu inakupiga kama mtu. Ni harufu ya nguo iliyolowa na kuachwa kwenye kona, na ndani yake kitu kingine kama pumzi ya mgonjwa. Vipepeo wadogo wa kijivu wanaruka usoni. Ukitia mkono mfukoni unatoka na utando vidoleni, na mboga imeshikana bonge, na bonge lina manyoya meupe. Mavi ya panya yamo. Yeye aliyachagua yale mavi moja moja kwa vidole vyake safi, kama mtu anayechambua mchele, halafu kilichobaki kilikwenda jikoni.

Na huyu, nisikilizeni vizuri, alikuwa mtu wa kinyaa. Siku moja nzi aliingia kwenye jagi la maziwa mezani. Jagi lote alilimwaga. Wajukuu walikuwa wamekaa wanasubiri, vikombe mkononi, akalimwaga nje, akaliosha kwa majivu. Mtoto aliyeingia na miguu ya matope alirudishwa mlangoni. Mimi mwenyewe aliwahi kuniambia nioshe tena mikono kwa sababu niliosha "kama mtu anayesalimia maji." Mtu wa namna hiyo, anakula ukungu. Mpaka leo siwezi kuviweka viwili hivyo kwenye kichwa kimoja.

Alikuwa na sheria. "Aliyetangulia kuingia, atangulie kutoka." Mboga ya zamani iliwe kwanza, mpya isubiri. Si sheria mbaya. Hata mimi kwangu ndoo ya zamani naiweka mbele na mpya nyuma. Lakini Paskalina aliniambia ilivyokuwa, kama alivyosimuliwa na mumewe. Kabla hajaolewa pale, mwaka mmoja mvua zilikubali sana. Kunde, maboga, mnavu, kila kitu kilizaa mpaka watu wakagawa bure. Mkwe mwenzangu alikausha yote. Hakuweza kuacha jani likafia shambani. Mwaka ule hawakumaliza. Mwaka uliofuata wakala za mwaka ule, na mpya zikangoja. Zamu yake ilipofika, zile mpya nazo zilikuwa zimeshachakaa. Wakazila hivyo hivyo, na mpya nyingine zikangoja. Ikawa hivyo kila mwaka. Mwanamke aliyekausha mboga nzuri kuliko wote Masakta, nyumba yake haikuwahi kuionja mboga hiyo ikiwa nzuri. Walikula iliyoharibika huku wakiitunza nzuri mpaka iharibike.

Nilimwambia. Mimi sizungushi maneno.

"Mkwe, mwaga mara moja tu. Toa za zamani zote, peleka shambani ziwe mbolea. Anza na mpya. Utakuwa umeukamata mwaka."

Aliniangalia kama nimemwambia azike mtoto aliye hai.

"Nimwage?"

"Mwaga."

"Huko Tlawi mnamwaga chakula?"

"Tunamwaga kilichooza."

"Kwetu chakula hakiozi," akasema. "Kinakomaa."

Watu husema ni njaa aliyoiona utotoni. Wanasema kwa huruma, wakitikisa kichwa. Njaa ile ile na mimi niliiona. Nilikula mizizi, nilikula pumba. Ndiyo maana leo nikiona chakula kibovu nakitupa, kwa sababu siku zile sikuwa na la kuchagua na sasa ninalo. Njaa haimfundishi kila mtu jambo moja.

Sasa nieleze alivyonilisha. Mara ya kwanza nilikwenda Masakta na ndugu zangu kwa ajili ya ndoa. Tuliwekewa ugali na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga na maziwa ya mgando. Yalikuwa makavu yaliyolowekwa, lakini ungeapa yametoka shambani asubuhi ile. Shemeji yangu alirudia mara tatu. Nilirudi Tlawi nikasema, mwanangu ameolewa kwa watu wanaojua kuweka chakula. Nikalala vizuri.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu, Paskalina akiwa na mimba ya kwanza. Chakula kikaletwa. Mboga ilikuwa nyeusi. Nikachukua tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Kuna uchungu ambao si wa mboga chungu. Unakaa nyuma ya ulimi kama umelamba ukuta wa choo. Nilimeza kwa sababu ya heshima. Nikamwangalia Paskalina, yeye anakula, macho yako sahanini.

Nikasema, "Mkwe, ile mboga ya siku ile ya ndoa imekwisha?"

"Ipo nyingi."

"Basi hii?"

Akacheka, akanipiga bega kidogo. "Siku ile ulikuwa mgeni. Sasa wewe ni wa ndani."

Ndivyo alivyoona. Mpya ilikuwa ya wageni, ya wafiwa, ya wagonjwa. Msiba ukitokea kijijini, mfuko wa kwanza kufika ulikuwa wake, na mboga ndani ni ya mwaka ule ule. Alipanda basi na furushi mpaka Haydom kuwapelekea watu asiowafahamu, wale wanaokaa nje ya hospitali wakipikia wagonjwa wao. "Mtu mwenye shida hapewi ya nyuma," alisema. Walimbariki. Na mimi ningembariki kama nisingejua kwamba siku hiyo hiyo wajukuu wangu nyumbani wanakula bonge lenye manyoya, kwa sababu wao hawana shida, wao ni wa ndani. Kupewa kilichooza ndiyo ilikuwa dalili ya kupendwa kwake. Hebu fikirini mapenzi ya namna hiyo.

Hata vya kwangu havikupona. Huku kwetu tuna pichi, na msimu wake nilijaza kikapu kizuri kwenda kwa watoto, zimeiva, zenye juisi inayomwagika kidevuni. Nilifika, watoto wakanikimbilia, "Shikamoo bibi! Shikamoo bibi! Umeleta pichi?" Kabla sijajibu kikapu kimechukuliwa.

"Zimepokewa," mkwe mwenzangu akasema. "Zitapanga foleni."

Saa ile ile akatoa kisu. Mezani tuliwekewa bakuli la pichi kavu za msimu uliopita, za kikapu changu mwenyewe cha mwaka jana. Nilipasua kipande kimoja, funza akatoa kichwa. Nikamwonyesha. Akamtoa kwa ncha ya ukucha, akamtupia kuku.

"Huyu naye amekula pichi tu," akasema. "Hajala kingine."

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya zizi nikitema mate. Hapo ndipo aliponikuta mzee mmoja mfugaji, jirani yao, na fimbo yake na shuka lake, amekuja kuulizia ndama aliyepotea. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia ni mboga za humu ndani. Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Mama, mimi majani nimewaachia ng'ombe," akasema. "Na hayo ya humu, ng'ombe wangu nao wameniomba radhi, hawayali."

Nilifikiri nikimweleza mkwe mwenzangu maneno hayo ataona aibu. Nilimweleza. Akasema, "Ng'ombe anaweza kuringa. Hana mjukuu."

Ubishi wake ulikuwa namna hiyo. Hakupandisha sauti. Alikuwa na jibu fupi kwa kila kitu, na jibu likishatoka yeye ameshageuka, anaendelea na kazi, wewe umebaki na mdomo wazi. Nilimletea ndoo za plastiki zenye mifuniko inayobana, tatu, nzima, nimezibeba kwenye basi miguuni. Nikamwambia: mboga ikishapoa kabisa weka humu, bana mfuniko, weka juu ya mbao, mbali na ukuta, kila wiki mbili fungua unuse. Alizipokea kwa mikono miwili, akazisifu. Nilipokuja tena zilikuwa na maji ya kunywa.

"Plastiki inaizuia mboga isipumue," akasema.

"Mboga iliyokufa inapumua nini?"

"Wewe umeshakufa ukajua?"

Mnacheka. Nami nikisimulia huwa wanacheka. Lakini Paskalina alikuwa anaishi ndani ya maneno hayo kila siku. Katika nyumba ile, kama kwetu zamani, mke wa mtoto hafungui stoo ya mama mkwe. Anapewa kipimo mkononi, anapika alichopewa. Siku mama mkwe akimkabidhi ufunguo ndiyo siku amemkabidhi nyumba, na kabla ya hapo hata kama stoo inawaka moto unabisha hodi. Mume wake hakutia neno. Alilelewa kwenye ladha ile, alidhani mboga ndivyo ilivyo.

Nilimkalisha binti yangu chini tukichambua maharage.

"Paskalina, mwambie."

"Mama, nimwambie nini?"

"Kwamba ni uchafu."

"Anikabidhi kwanza. Sasa hivi nikifungua mdomo nitaambiwa nataka ufunguo."

"Na watoto?"

"Watoto nawachagulia. Nachagua yaliyo afadhali."

Afadhali! Nilimsomesha mpaka alipofika, nikamlea kwa mikono hii, na sasa kazi yake ni kuchagua ukungu ulio afadhali. Nilikasirika na yeye kuliko nilivyomkasirikia mkwe mwenzangu. Sikumwambia. Pengine aliona.

Kilichofuata kilikuwa cha mjukuu wa mwisho, msichana, aliyekuwa ametimiza mwaka na kidogo. Kwenye vikundi vyao walifundishwa kusaga mboga kavu iwe unga na kutia kwenye uji wa mtoto. Ni jambo zuri, nimelifanya mimi pia. Unga wa mboga safi unampa mtoto damu. Mkwe mwenzangu alilipenda sana jambo hilo. Alisaga mwenyewe kwenye kinu. Na alisaga za mfuko gani, mmeshajua. Ikishakuwa unga huoni manyoya wala utando, na Paskalina sasa hakuwa na la kuchagua.

Mtoto alitapika siku mbili. Siku ya tatu akaacha hata kulia. Wakampeleka Haydom, nami nikapigiwa simu nikashuka na basi la kwanza. Nilimkuta Paskalina amemshika mtoto, macho ya mtoto yameingia ndani, midomo imepauka, na nywele zinanuka ule uvundo wa stoo, naapa, au labda ni pua yangu. Daktari, kijana mpole, aliuliza mtoto anakula nini. Paskalina akasema uji. Akauliza uji wa nini. Paskalina akamfunika mtoto vizuri. Mkwe mwenzangu alikuwa amesimama pale mlangoni, kitenge kimefungwa vizuri, na mfuko wa mboga mpya mkononi kwa ajili ya watu wa nje.

Nikasema mimi. "Anapewa unga wa mboga zilizoota ukungu."

Daktari hakugomba. Alisema mtoto mdogo asipewe kitu chenye ukungu hata kidogo, hata kikipikwa, hata kikisagwa. Sumu ya ukungu haiondoki kwa moto. Aliuliza kama tumeelewa. Mkwe mwenzangu akajibu, "Tumeelewa, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto.

Mtoto alipona. Nashukuru Mungu, na nashukuru dripu. Siku tuliyomrudisha Masakta sikukaa chini. Sikunywa chai. Kulikuwa na majirani waliokuja kumpa mtoto pole, wanawake sita au saba, na wale waliojifunza kwake kichanjani wamo. Nikaenda moja kwa moja stoo. Mlango haukuwa umefungwa. Nikavuta mfuko uliokuwa karibu, nikauburuta mpaka uani, nikaugeuza chini juu mbele ya watu wote.

Ulitoka kama matope makavu. Mabonge. Funza. Panya mmoja mkavu kama ngozi ya ndizi. Wanawake wakarudi nyuma, mmoja akashika kitenge puani. Kuku wakaja, wakachakura mara moja wakaondoka.

Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Hiki ndicho anachokula mjukuu wangu. Akikila tena, hata kijiko, nawachukua wote watatu na mama yao. Ndoa ivunjike, mahari irudi, potelea mbali."

Mkwe mwenzangu alipiga magoti pale uani, mbele ya wanafunzi wake, akaanza kuokota. Jani moja moja. Mavi ya kuku yaliyoshikana na jani aliyakwangua kwa ukucha, jani akaliweka kwenye upande wa kitenge.

"Paskalina," akasema bila kuinua kichwa. "Lete ungo."

Na Paskalina akaleta. Binti yangu, ambaye mtoto wake alikuwa ametoka kwenye dripu asubuhi ile, alileta ungo, akapiga magoti upande wa pili, akaokota naye. Nikasimama pale na mfuko mtupu mkononi. Hakuna aliyeniangalia. Niliondoka na basi la mchana, na niseme ukweli, njia nzima nilijinusa mikono.

Sikwenda Masakta tangu mavuno ya mwaka ule mpaka mavuno yaliyofuata. Simu nilipiga. Nilimuuliza Paskalina jambo moja tu, watoto wanakula nini, naye alinijibu, "Wanakula vizuri, mama." Nilidhani ananidanganya. Kwa hiyo nikaenda bila kutoa taarifa, kama askari.

Watoto walitoka mbio. "Shikamoo bibi!" Walikuwa wamenenepa. Yule mdogo alikuwa anakimbia kwa miguu yake, mashavu mazito, amebana kipande cha papai kavu mdomoni, rangi ya machungwa safi. Nilimnyang'anya nikakinusa. Kilinukia papai. Nikamrudishia.

Paskalina alikuwa na ufunguo, umefungwa kwenye kona ya kitenge. Alinionyesha stoo bila kuombwa. Dirisha limefunguliwa na kuwekewa wavu. Tundu la bati limezibwa. Mbao chini, ndoo zenye mifuniko juu ya mbao, zile tatu zangu zimo. Mezani aliniwekea ugali na majani ya kunde ya mwaka huu yenye karanga. Nilikula sahani mbili. Sijui kama tangu ile siku ya ndoa nilikuwa nimekula kwenye nyumba ile nikashiba.

"Alikukabidhi lini?"

"Wiki ile ile uliyoondoka."

"Alisema nini?"

"Alisema watoto wale mpya kuanzia leo, wote, na mimi, na baba yao. Akanipa ufunguo."

"Na zile za zamani mlizichoma?"

Paskalina akaanza kukusanya sahani.

"Paskalina. Zile za zamani ziko wapi?"

"Yuko nyuma ya nyumba, mama. Nenda mkasalimiane."

Nilizunguka nyumba. Harufu ndiyo iliyonielekeza. Kwenye kibanda cha zamani cha ndama alikuwa amekaa juu ya kigoda, mafiga matatu yake mwenyewe, sufuria yake ndogo nyeusi, na nyuma yake ile mifuko, imepangwa. Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa kamba. Rangi ya uso imegeuka kama udongo wa mfinyanzi kabla haujachomwa. Mikono tu ndiyo ilikuwa ile ile. Alikuwa anakula.

"Karibu, mkwe," akasema. "Umeshakula ndani?"

"Nimekula."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Niliikausha mimi ile. Paskalina bado ana haraka." Akatafuna taratibu. Kitu kikalia menoni mwake kama mchanga. "Hizi namaliza mimi. Ilikuwa mifuko kumi na minne, sasa imebaki tisa. Mtu mmoja ni polepole."

"Unajiua."

"Si ulitaka watoto wasile?"

Nilirudi jikoni kwa Paskalina nikamwuliza anawezaje kupika hatua ishirini kutoka pale, akamwacha mama mkwe wake afanye vile. Alikuwa anasugua sufuria. Hakugeuka.

"Nimemkataza. Mume wangu amemkataza. Usiku mmoja tulihamisha mfuko, akalala nje mpaka tukaurudisha." Akasuuza, akamwaga maji. "Mama, ulisema wasile. Hawali. Sasa unataka nini tena?"

Nikarudi kibandani. Alikuwa anachota lililobaki, lile jeusi lenye utelezi, na juu yake povu la kijivu. Nilimpokonya bakuli mkononi. Nililimwaga lote chini, kwenye vumbi, nikalikanyaga kwa kiatu, nikalisaga mpaka hakuna ambacho angeweza kuokota.

Aliangalia kiatu changu. Halafu akanyoosha mkono, na kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na bumbuwazi nikampa bakuli lake. Akalifuta ukingo kwa kitenge, vizuri, pande zote. Akageukia sufuria, akafunua, akachota.

"Usihangaike, mkwe," akasema. "Yapo mengine."